Umepanga Mpaka Lini? Darasa la Ijara kwa Mwanafunzi

  



Kila muhula unapokaribia, swali la kwanza tunaloulizana huwa la chumba, masomo yanafuata. Nani kapata wapi, kwa kiasi gani, maji yapo, Yaka ni ya chumba kimoja au ya kuchangia na majirani wanne? Hayo tumeyazoea, na kila mmoja wetu ana ujuzi wake. Lakini liko swali moja ambalo wanafiqhi hulitanguliza na sisi hatuliulizi kabisa: umepanga mpaka lini?

Sababu iko wazi. Wengi wetu tulisoma Safina madrasa, na Safina ni kitabu cha ibada. Hakina mlango wa kupanga nyumba. Aliyeendelea hadi Matn Abi Shujaa atakumbuka fasili ya ijara, fasili fupi ambayo ustadhi huipitia kwa haraka ili afike kwenye ndoa, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi huamka. Leo tuirudie hiyo ya ijara polepole, kwa sababu nyumba tunazopanga zinauzwa sisi tukiwa ndani.

NYUMBA YENYE WENYEWE WENGI

Mimi ni mtoto wa Walukuba, Jinja. Mtaa wetu ulijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, katika zama zilezile ambapo bwawa la Owen Falls lilikuwa linajengwa. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata umeme, na wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Walipewa nyumba ndogo za safu, za kupanga. Mwenye nyumba alikuwa mmoja, serikali, kisha manispaa. Mpangaji alijua kodi anampelekea nani. Leo ukipita Walukuba utakuta nyuma ya nyumba hizo mizigo imeongezwa uani, chumba juu ya chumba, na katika boma moja wapo anayedai kiwanja, anayedai nyumba, aliyejenga vile vyumba vya uani na anayekusanya kodi. Mtu mmoja aweza kuwa wote hao, au wakawa watu wanne.

Jinja mjini nako kuna historia yake. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, majengo yao ya Main Street na kwingineko yaliwekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za waliofukuzwa. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua mlango wa kurudishiwa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudi kudai majengo yao. Aliyekuwa akilipa kodi kwa bodi akajikuta ana mwenye nyumba mwingine, naye hakuhama hata hatua moja.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2001, Condominium Property Act. Sheria hii inaruhusu jengo moja kugawanywa vipande, kila kipande kiwe na hati yake, na ngazi, paa na uwanja vibaki vya wote, vikisimamiwa na chombo cha pamoja cha wamiliki. Kwa njia hiyo maghorofa ya Kampala kama ya Bugolobi, yaliyokuwa ya shirika la nyumba la taifa, yaliuzwa kipande kipande, na wapangaji waliokuwemo wakapewa nafasi ya kununua. Wenzetu Tanzania wana sheria yao ya mwaka 2008 na Kenya wana ya mwaka 2020 kwa kazi hiyohiyo. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba ghorofa unayopanga chumba yaweza kuwa na wamiliki ishirini, na mmoja wao akauza kipande chake leo jioni bila hata jirani wa mlango wa pili kujua.

Msidhani kwamba jambo hili ni geni katika vitabu. Katika mlango wa sulhu wanafiqhi walikwisha kuzungumzia nyumba ambayo chini ni ya mtu na juu ni ya mwingine: ukuta ukianguka nani ajenge, dari ni ya nani, nani ana haki ya kupita. Kwa hiyo ghorofa yenye hati ishirini si tatizo jipya kwa fiqhi. Ni sisi tu ambao hatukuisoma.

KINACHOUZWA NI MANFAA

Ijara ni mkataba wa kumilikisha manfaa ya kitu kwa malipo yanayojulikana. Kitu chenyewe kinabaki kwa mwenyewe. Wewe unamiliki faida yake kwa muda. Tafadhali lisome tena neno hilo: unamiliki. Mpangaji si mgeni aliyeonewa huruma. Amenunua kitu, na kitu hicho ni kukaa.

Kama ilivyo kwa bidhaa yoyote, huwezi kununua kisichojulikana. Mchele hupimwa kwa kilo, kitambaa kwa mita. Kukaa hupimwa kwa nini? Abu Shujaa anatupa njia mbili za kupima manfaa: kwa muda au kwa kazi. Fundi unayempa kanzu ashone hupimwa kwa kazi. Nyumba hupimwa kwa muda. Muda usipojulikana, bidhaa haijulikani, na kama bidhaa haijulikani umeingia katika gharar, hata kama chumba umekiona kwa macho na ufunguo uko mfukoni.

Qur'ani imetuonyesha mkataba wa namna hii katika Surat al-Qasas, aya ya 26 hadi ya 28. Nabii Musa (A.S.) amefika Madyan mkimbizi, hana kitu. Yule mzee (wafasiri wengi humtaja kuwa ni Nabii Shuaib, wengine wanasema siye) anampa kazi na ndoa, na anataja muda: miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Musa naye hakuona haya. Alikuwa mhitaji kuliko mwanafunzi yeyote anayetafuta chumba mwezi wa nane, lakini alirudia masharti kwa mdomo wake: muda wowote kati ya hiyo miwili nitakaoutimiza, nisidaiwe zaidi. Akamfanya Allah kuwa shahidi. Uhitaji haukumzuia kutaja tarehe.

Na msiseme kwamba mambo haya ni ya Waislamu kwa Waislamu. Katika Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walimwajiri Abdullahi bin Urayqit, mtu ambaye hakuwa Mwislamu, awe kiongozi wa njia. Walimkabidhi ngamia wao na wakampa miadi ya kukutana pangoni Thaur baada ya siku tatu. Mwenye nyumba wako akiwa Mkristo wa Mbale au Mhindi wa Jinja, mkataba ni mkataba, na aya ya kwanza ya Surat al-Maida inayotuamuru kutimiza mikataba haikumbagua.

ZAIDI NA AMRI

Tuchukue mfano, na kwa kuwa ni somo la fiqhi tuwatumie Zaidi na Amri wanaojulikana.

Zaidi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Amechoka kugombania nafasi katika hosteli za Nkoma, akapata chumba katikati ya mji wa Mbale, ghorofa ya tatu, katika jengo lililokuwa na ofisi juu na maduka chini. Ofisi zimegeuzwa vyumba na kila kipande kina mwenyewe. Amri ndiye mwenye kipande hicho. Wakakubaliana shilingi 150,000 kila mwezi. Zaidi akalipa miezi miwili, akapewa ufunguo, wakapeana mkono. Wiki ya sita, katikati ya mitihani, anabishiwa hodi na Bakari: "Kijana, nyumba nimeinunua. Mkataba wako ulikuwa na Amri, mimi sikufahamu. Ijumaa nataka ufunguo."

Hukumu yake ni ipi?

Imam Nawawi katika Minhaj anaigusa mas'ala hii moja kwa moja. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuiuza nyumba iliyopangishwa, na ijara haivunjiki. Vyote viwili. Amri hakukosea kuuza, kwa sababu nyumba ni yake. Ila alichokuwa nacho cha kuuza ni nyumba isiyo na manfaa ya ule muda, maana manfaa hayo alikwisha kumwuzia Zaidi. Bakari hawezi kupata zaidi ya alichokuwa nacho Amri. Kama Bakari hakujua kuwa ndani mna mtu, ana khiyari ya kurudisha nyumba kwa Amri. Ugomvi wake ni na Amri. Zaidi hausiki. Akae mpaka muda wake uishe, na kodi ya muda huo ni ya Amri aliyefunga mkataba.

Je, Zaidi mwenyewe akinunua hicho chumba, kama walivyonunua wapangaji wa Bugolobi? Ununuzi unasihi, na kwa kauli sahihi zaidi ijara inaendelea vilevile. Yaani mwezi uliobaki bado anadaiwa kodi na Amri ingawa nyumba imekuwa yake! Wengi hucheka wakisikia hivyo, lakini ndiyo mantiki ya kumiliki vitu viwili kwa mikataba miwili. Wakitaka kuachiana, waachiane kwa ridhaa siku ileile ya kuuziana.

Basi Zaidi yuko salama? Hapo ndipo lilipo jambo zima. Haki yake inadumu mpaka muda uishe. Muda upi? Walisema "kila mwezi 150,000" na hawakusema mpaka lini. Mkataba wa "kila mwezi kwa kiasi kadhaa" bila kikomo ni batili kwa kauli sahihi ya Mashafii. Aliyekaa analipa kodi ya mfano wa chumba hicho kwa siku alizokaa, na hana mkataba wa kusimamia. Mahanafi na Mahanbali wanaupokea: unasihi kwa mwezi wa kwanza, na kila mwezi mpya unapoingia unafunga. Kauli hii ndiyo inayowafaa watu wetu, na sioni vibaya kuifuata, kwani bila hiyo nusu ya Walukuba na Nkoma wanakaa kwa mikataba batili. Lakini hata ukiichukua kauli hiyo nyepesi, Zaidi amelindwa mpaka mwisho wa miezi miwili aliyolipia tu, kwa vile malipo yale yanaonyesha walikubaliana juu yake. Wiki ya sita Bakari hana haki ya kumtoa Ijumaa. Wiki ya kumi anayo, mitihani iwepo isiwepo.

Sasa badilisha neno moja. Zaidi angesema: "Napanga kuanzia tarehe 1 Agosti hadi tarehe 31 Desemba, jumla 750,000, nakulipa kwa awamu." Pesa ni ileile na chumba ni kilekile. Lakini Bakari angenunua na kusubiri Januari. Sisi wanafunzi ndio wapangaji pekee mjini tunaojua mwanzo na mwisho wa haja yetu hata kabla ya kuingia, kwa sababu kalenda ya muhula imebandikwa ubaoni. Ni ajabu kwamba ndio tunaopanga bila tarehe.

Na hapo sheria ya nchi inaingia upande wetu. Landlord and Tenant Act ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Miezi mitano ya Zaidi imeshapita kiwango hicho. Sheria hiyohiyo inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na haimruhusu mwenye nyumba kukutoa kwa nguvu bila amri ya mahakama. Kuongeza kufuli juu ya kufuli lako au kung'oa mlango, mambo tunayoyaona, hayakubaliki kisheria. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara iliyotuelekeza kuandika madeni ya muda maalumu ilitutangulia katika hili. Karatasi moja, saini mbili, na mashahidi. Mwenyekiti wa LC1 akiweka mhuri ni bora, kwa kuwa yeye ndiye utakayemkimbilia kwanza.

HAKI NA WAJIBU WA KILA MMOJA

Ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba kuukabidhi, na matengenezo ni juu yake. Akitengeneza haraka, mambo yamekwisha. Akichelewa, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba na kurudishiwa kodi ya muda uliobaki. Imam Nawawi, mtu wa Sham ambako theluji huanguka, anaongeza kuwa theluji ya juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, na theluji na takataka za uani huondolewa na mpangaji. Sisi hatuna theluji, tuna bati linalovuja na tope la mlangoni. Kipimo ni kilekile: bati ni la Amri, kufagia ni kwa Zaidi. Lakini katika jengo la hati nyingi paa si la Amri peke yake, ni la wamiliki wote. Hilo lisikuhusu. Wewe ulimlipa Amri akupe chumba kikavu. Yeye ndiye akawatafute wenzake. Kama kuna mchango wa kila mwezi wa taa za ngazi, mlinzi na pampu ya maji, ujue kabla ni juu ya nani na ni kiasi gani, kwani hiyo nayo ni sehemu ya ujira, na ujira lazima ujulikane.

Nyumba ikiteketea au ikaporomoka, ijara imevunjika kuanzia hapo. Mmoja wa wawili hao akifa, kwetu haivunjiki, warithi wanaendelea. Mahanafi wanasema inavunjika.

Mpangaji naye ni mwaminiwa. Kitasa kikichakaa kwa matumizi ya kawaida, halipi. Akivuka mpaka au akizembea, analipa. Anaruhusiwa kukaa yeye au mtu wa mfano wake katika matumizi. Vitabu vinakataza kumwingiza mhunzi katika nyumba iliyopangwa kwa kuishi, kwa madhara ya nyundo na moshi. Mwenzetu anayegeuza chumba cha kulala kuwa jiko la chapati za kuuza ajiulize yuko upande gani. Na anayeingiza wenzake watatu katika chumba alichosema ni cha mmoja, huku choo na maji ni vya jengo zima, ameshavuka.

Amana ya mwezi mmoja inayodaiwa mwanzoni nayo iandikwe ni ya nini. Mwenye nyumba akiitumia, inakuwa deni shingoni mwake, na nyumba ikiuzwa deni hilo haliondoki nayo. Ni Amri atakayeirudisha, isipokuwa Bakari akubali kuibeba.

KILEMBA

Limebaki suala ambalo wanaopanga mijini hukutana nalo: ile pesa ya ziada ya kuachiana nafasi, ambayo pwani ya Kenya na Tanzania huitwa kilemba. Jopo la wanazuoni la fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilitoa uamuzi juu yake mjini Jeddah mwaka 1988, mwaka uleule chuo chetu cha IUIU kilipoanza hapa Mbale.

Waliangalia hali nne. Mwenye nyumba akichukua kilemba mwanzo wa mkataba, inafaa kama kitahesabiwa kuwa sehemu ya kodi. Akimpa mpangaji pesa ili aondoke kabla ya muda wake, inafaa, kwa sababu ananunua manfaa yaliyobaki. Mpangaji aliye ndani ya muda wake akimwachia mpangaji mpya kwa malipo, inafaa pia, kwa kuchunga masharti ya mkataba wa kwanza na sheria za nchi. Lakini muda ukishaisha, mpangaji hana cha kuuza. Pesa atakayodai kwa mwenye nyumba au kwa mpangaji mpya haifai.

Mtaona kwamba halali na haramu hapa zimetenganishwa na tarehe. Bakari akija na shilingi 200,000 akamwambia Zaidi, "Chukua hii unipishe," na Zaidi ana mkataba mpaka Desemba, achukue kwa moyo safi, au akatae. Kama mkataba wake ulikwisha Oktoba na amegoma kutoka ili apewe kitu, anakula mali ya mtu kwa batili, hata kama Bakari ni tajiri na yeye ni mwanafunzi mhitaji. Wenye nyumba tunawalaumu sana katika vikao vyetu, na wengine wanastahili. Ila hili la kugoma baada ya muda liko kwetu, na sijasikia likitajwa katika darasa la Ijumaa.

KABLA HUJALIPA

Hakikisha unayemlipa ana manfaa ya kukuuzia. Katika jengo la hati nyingi mlinzi, dalali, mpangaji wa zamani na ndugu wa mwenyewe wote wana funguo. Aliyepangisha bila idhini ya mwenyewe ni fudhuli. Kwa Mashafii mkataba wake ni batili, kwa Mahanafi na Mamaliki unasubiri mwenyewe aridhie. Wewe usisubiri. Uliza namba ya chumba katika hati, uliza jina lililo kwenye hati, kisha umpigie mwenye jina hilo mbele ya dalali. Ujira wa dalali nao utajwe mapema: ni kiasi gani, unalipwa na nani, na kama chumba hakikupatikana unarudi au haurudi. Pesa ya "kuonyeshwa" inayotozwa kwa kila chumba, hata kile dalali anachojua kimeshachukuliwa, huo ni ulaghai na hauna mlango wa fiqhi wa kuuhalalisha.

Ukiisha kuyajua hayo, chukua karatasi. Andika majina, chumba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, jumla ya kodi na namna ya kulipa, maji na Yaka ni juu ya nani, amana ni kiasi gani na inarudi lini. Ongeza mstari mmoja kwamba nyumba ikiuzwa mkataba huu unaendelea mpaka tarehe iliyotajwa. Mwenye nyumba akiukataa mstari huo tu na kukubali mengine yote, huenda mnunuzi ameshaanza kuja kuiangalia nyumba, na ni heri ulijue hilo kabla hujabeba godoro mpaka ghorofa ya tatu.

Wallahu a'lam.